Fundi Kaacha Vigae Njiani? Pimeni Kazi Kwanza, Hela Baadaye

Ukigombana na fundi aliyekuachia kazi njiani, kila mmoja ana hesabu yake. Wewe unahesabu hela ulizotoa, yeye anahesabu jasho lililomtoka, na hesabu hizo hazikutani hata mkipigizana kelele hadi magharibi. Mgogoro wangu ulianza kuisha tulipoacha kutaja hela tukashika futi.

Ilikuwa kazi ya vigae, jiko na bafu, nyumbani kwetu Mbagala, Dar es Salaam. Ufundi tulikubaliana laki sita, vifaa nanunua mwenyewe. Alikuwa ameshachukua laki nne. Jiko likaisha, bafuni akafika nusu ya ukuta, kisha zikaanza zile habari: mara yuko msibani, mara saidia fundi anaumwa, mara simu haipatikani. Maboksi ya vigae yamejaa koridoni, na sisi tunaomba kuoga kwa mpangaji wa uani.

Mara nyingi fundi wa namna hii hajatoroka. Yuko saiti nyingine anakula advansi mpya, maana ya kwako ilishaisha, na hela iliyobaki kwako ni ndogo kuliko kazi iliyobaki. Kwake yeye, kurudi kwako ni kufanya kazi bure. Ndiyo maana vitisho havimrudishi.

Nilimwandikia meseji badala ya kupiga, kwa sababu meseji inabaki: "Fundi, salama? Naomba Jumamosi asubuhi uje tupime kazi iliyofanyika na iliyobaki. Sikuiti kukudai hela. Usipofika, nitapima na fundi mwingine mbele ya mwenyekiti wa mtaa, halafu niendelee na kazi." Alikuja, tena mapema.

Fundi wa kupima nilimtoa mtaa mwingine, na nilimwambia tangu mwanzo kwamba kazi iliyobaki hatapewa yeye. Hili ni muhimu sana. Fundi anayeitaka hiyo kazi ataponda kila kigae cha mwenzake ili ubomoe chote. Huyu nilimlipa nauli na muda wake. Alipita akigonga vigae kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo: kilichoshika vizuri kinatoa sauti nzito, chenye uwazi chini yake kinalia kama debe. Pima maji, kile kifaa cha kuonyesha kama ukuta umenyooka, ikawekwa ukutani. Kila kitu tulipiga picha, na fundi wangu akiwepo anaona, hata alipobisha alibishana na fundi mwenzake, si na mimi.

Hesabu ikatoka: kazi iliyofanyika vizuri ni ya laki tatu na elfu thelathini. Alikuwa amechukua elfu sabini zaidi.

Hapo majirani walikuwa na ushauri wao. Mmoja alitaka nishike grenda yake hadi arudishe hela. Sikukubali. Ukishika kifaa cha fundi umemnyima hata uwezo wa kukulipa, na anaweza kwenda kukushtaki wewe. Mwingine akasema polisi. Lakini kazi isiyomalizika kwa kawaida ni suala la madai, si jinai, labda kama mtu alikutapeli tangu mwanzo. Mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri linaendeshwa kwa Kiswahili. Na usitishike ukiambiwa huna mkataba wa maandishi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, ilimradi uweze kuyathibitisha: meseji, miamala ya simu, risiti za vifaa, mtu aliyekuwepo mkipatana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Haimpi kila anachokitaka. Ukidai na fidia ya aibu ya kuoga kwa mpangaji, utachekwa.

Mimi sikufika mahakamani. Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa na ile karatasi ya vipimo. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumhukumu mtu, ila mbele yake watu husema kwa adabu, na mkikubaliana anakuwa shahidi. Fundi akasema wazi: "Dada, hiyo elfu sabini sina." Nikaamini. Hela hana, ila mikono anayo. Tukaandika kwamba atabandua vile vigae vinavyolia, avipange upya, na amalizie ukuta wa upande wa dirisha. Huyo fundi wa kupima ndiye aliyetukadiria kuwa kazi hiyo inafika elfu sabini. Tukaandika pia kwamba baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake. Tukasaini, muhuri ukapigwa, kila mmoja akachukua nakala.

Alikuja akaifanya, na aliifanya vizuri. Laki mbili iliyobaki ilimwendea fundi mwingine wa sakafu na kuta zilizosalia, bila advansi: nusu ukuta ukiisha, nusu nikishamwaga ndoo ya maji bafuni na kuona yote yanakimbilia kwenye tundu.