Fosfeti ya kwenye keki na sumu ya kwenye magunia

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nachoma keki na hafkeki za biashara hapa Kizota, Dodoma. Jirani kasoma kopo langu la beking pauda, akakuta E450, "fosfeti". Anasema ndiyo ile ya vidonge vya kuulia wadudu wa nafaka, na anamjua mtu anayeuza unga wa kuitoa kwenye figo. Niache kuitumia?

JIBU: Marahaba. Endelea kuchoma keki zako, na hela ya unga huo nunulia mayai.

E450 ni chumvi za fosfeti. Kwenye beking pauda ndiyo asidi: inakutana na bikaboneti, gesi inatoka, keki inaumuka. Kwenye soseji, chumvi za ukoo huohuo hushika maji nyama isikauke. Fosforasi iliyomo unaila kila siku kwenye dagaa, maharage na mtama. Mwaka 2019 EFSA, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, iliweka kikomo cha miligramu 40 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, chakula na viongezwa vikihesabiwa pamoja. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 2,400.

Kikomo hicho hakimhusu ambaye figo zake zimeshachoka. Huyo apunguze kweli soseji na soda za kola, maana fosfeti ya kuongezwa kiwandani huingia mwilini kirahisi kuliko ya maharage. Dawa za kuizuia zipo hospitali, humezwa pamoja na chakula kwa maelekezo ya daktari. Huyo muuza unga hajapima figo ya mtu yeyote.

Sasa hivyo vidonge. Ni alumini fosfaidi. Fosfaidi, si fosfeti! Majina yanafanana kama Juma na Jumaa, lakini fosfaidi ikipata unyevu wa hewa tu hutoa gesi ya sumu iitwayo fosfini, na kidonge cha gramu 3 hutoa gramu nzima ya gesi hiyo. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Kinachonichosha ni kwamba anayeogopa keki ndiye huyohuyo aliyenunua vidonge viwili mnadani, vimefungwa kwenye karatasi bila lebo wala maelekezo, akavitia kwenye mahindi yaliyopangwa chumbani wanakolala watoto. Mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka, huua wadudu kwa kuwanyima hewa tu, bila dawa yoyote. "Bei ghali," wananiambia.

Mwulize jirani yako magunia yake yako wapi. Kama yana vidonge na yako ndani, watu wote walale kwingine kuanzia leo, wasiyahamishe wenyewe, wamwite bwana shamba. Akitokea anayetapika, kubanwa kifua au kuishiwa nguvu, atolewe nje na kuwahishwa hospitali, na daktari aambiwe habari ya vidonge mapema.