Usianze na Neno la Mpinzani Wako

Juma lililopita kijana mmoja aliyeteuliwa kuwa katibu mwenezi wa chama chake katika kata moja hapa Dar es Salaam aliniandikia, akiuliza namna ya kuandaa taarifa itakayosikilizwa na wananchi. Swali lake limenirudisha mwaka 2023, na nitamjibu kwa kueleza kosa langu mwenyewe.

Tarehe 10 Juni mwaka ule Bunge liliridhia makubaliano ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari. Serikali na chama tawala walisema "uwekezaji", waliopinga wakasema "kuuza bandari", na neno la waliopinga ndilo lililotangulia kufika vijiweni na ndani ya daladala. Kikundi kimoja cha vijana wa Temeke kilichounga mkono makubaliano kilinipa kazi ya kuandika kipeperushi. Nilikesha, nikaweka juu kabisa kwa herufi nzito: "Bandari haiuzwi."

Mzee mmoja aliyewahi kubeba mizigo Kurasini alikishika kipeperushi mbali na macho, akasoma mstari ule tu, akakikunja mara nne na kukitia mfukoni mwa shati. "Mwanangu," akaniuliza, "kama haiuzwi, mbona ninyi wenyewe mmeanza na kuuza?" Sikuwa na jibu. Aya zangu tatu kuhusu meli zinazosubiri nangani na mapato ya forodha hakuna aliyezifikia. Baada ya siku chache niliondolewa kwenye uandishi bila hata kuitwa, huku waliokipitisha kipeperushi wakibaki, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Anayelipatia jambo jina ndiye anayechagua swali litakalojibiwa. "Kuuza" kunauliza nani amepewa na kwa bei gani, na "uwekezaji" unauliza faida. Ukomo wa mkataba, ajira za wafanyakazi na namna ya kujitoa vilikosa jina fupi, ingawa ndivyo vilivyostahili mjadala mrefu zaidi. Nami nilikuwa nimeonywa mapema: mwaka 2021 makato ya miamala ya simu yaliitwa "tozo ya mshikamano", lakini wananchi walibakiza "tozo" na kuuacha "mshikamano", kwa sababu kila aliyemtumia mama yake fedha kijijini aliyaona makato hayo kwenye ujumbe wa simu. Mwaka uleule wamachinga walielezwa kwamba "wanapangwa", lakini aliyeondolewa meza yake Kariakoo alikuwa na neno lake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usikanushe kwa neno la mpinzani, wala usibuni jina tamu ambalo mfuko wa msikilizaji utalikataa. Chama kinachomheshimu mwananchi humtajia jambo lenyewe, pamoja na gharama yake, kabla hajaligundua peke yake. Kipeperushi kile leo ningekianza hivi: "Mkataba wa bandari uwe na mwisho, na ajira zilindwe." Kisha ningempelekea mzee wa Kurasini kwanza, kabla ya kiongozi yeyote.