Maswali na majibu: Chupa ya damu iwe kwenye friji kabla mama mzazi hajafika

Maswali ya safari hii, ya kuchangia damu, yametoka kwa wanafunzi wa uuguzi, utabibu, maabara na ufamasia, Unguja na Pemba. Mengi hurudi kila ikikaribia tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani. Yanayojirudia nitayapitia mbio.

Darasa letu lina watu 60. Tunataka tuchangie sote tarehe 14 Juni. Tujiandae vipi? (Kiongozi wa darasa, Unguja)

Msichangie sote siku hiyo. Damu iliyotiwa kwenye mfuko wa kawaida hukaa siku 35 kwenye friji ya nyuzi joto 2 hadi 6, basi. Ya tarehe 14 Juni mwisho wake ni tarehe 19 Julai, na nyinyi wenyewe mtakuwa hamuwezi kurudi: mwanamme husubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Mwezi Juni friji limejaa, Agosti mzazi anatoka damu wodini na jamaa wanahangaika kupiga simu.

Ligaweni darasa makundi manne ya watu 15, kila kundi mwezi wake. Tangu kundi la kwanza hadi la nne likimaliza, miezi minne imekwisha na la kwanza linaweza kurudi. Baadhi watazuiwa kwa sababu za afya, hilo lihesabuni mapema. Hata wakibaki kumi na wawili kila mwezi bila kukosa ni bora kuliko 60 siku ya picha na fulana.

Nina kilo 47. Nikivaa viatu vizito nafika 50. Itadhuru?

Itakudhuru wewe. Mwanamke ana takriban mililita 65 za damu kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo una kama lita tatu tu. Mfuko huchukua mililita 450, karibu asilimia 15 ya damu yako, na mwili haufai kupunguzwa zaidi ya asilimia 13 kwa mara moja. Wala usiombe "nitoeni kidogo". Ndani ya mfuko mna mililita 63 za dawa ya kuzuia damu isigande, zilizopimwa kwa mililita 450. Damu ikipungua sana, dawa inazidi na mfuko hutupwa. Utakuwa umetoboka mkono bure.

Naweza kuchangia nikiwa hedhini?

Ukiwa mzima na kiwango cha damu kimefika, ndiyo.

Nilichangia mwaka jana nikazimia mbele ya wenzangu. Naogopa kurudi. (Mwanafunzi wa uuguzi, Chake Chake)

Si udhaifu wala si dalili kwamba huifai kazi ya wodini. Mishipa ya miguuni hupanuka ghafla, moyo hupunguza mwendo, presha hushuka na ubongo hukosa damu kwa muda mfupi. Huwapata zaidi vijana, wanaochangia mara ya kwanza, wembamba, waliokesha na waliokuja na chai kavu tumboni. Mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku ana karibu yote hayo. Asichangie asubuhi ile.

Lala vizuri. Kula chakula cha kushiba saa mbili au tatu kabla. Ukishaitwa kwenye usajili, kunywa nusu lita ya maji. Sindano ikishaingia, kunja mguu juu ya mguu, kaza mapaja na makalio kwa sekunde tano, legeza, rudia mpaka mwisho. Misuli inayokazwa huisukuma damu irudi moyoni. Ukianza kupiga miayo, kutoka jasho la baridi au kusikia masikio yanavuma, sema papo hapo. Usione haya. Mhudumu atasimamisha, akulaze na kukunyanyua miguu.

Wenzako nao wasikuinue wakusimamishe na kukumwagia maji usoni, aliyezimia hulazwa. Ukimaliza kaa dakika 15 na kinywaji chako. Wengine huzimia baadaye, kwenye ngazi za dakhalia au wakining'inia mlangoni mwa gari ya shamba, na huko ndiko watu huvunja meno.

Nataka kujua kama nina virusi vya ukimwi bila kwenda kituo cha upimaji. Nikichangia damu si nitapata majibu kimyakimya?

Hapana, na swali hili likiandikwa na mwanafunzi wa afya linauma. Aliyeambukizwa karibuni anaweza kuwa na virusi kwenye damu kabla kipimo hakijaona kitu. Kila chupa hupimwa ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, lakini kipimo ni ukuta wa pili. Wa kwanza ni mchangiaji mwenyewe kusema kweli kwenye fomu. Anayekuja kujipima ndiye hasa mwenye wasiwasi, na damu yake ikipita itamwingia mtoto mwenye selimundu ambaye hakuulizwa chochote. Nenda kapime kituoni. Ni bure na ni siri.

Mwalimu wetu anawaongezea alama wanaochangia. Si motisha nzuri?

Si nzuri. Alama ni malipo. Anayehitaji alama ataficha kwamba alichomwa na sindano wodini, na asiyeweza kuchangia kwa sababu ya siri atalazimika kujieleza mbele ya darasa. Kiongozi wa darasa naye asizunguke na orodha ya "waliokataa". Mtu awe na nafasi ya kujitoa hata akishakaa kwenye kiti.

Miezi miwili iliyopita nilichomwa na sindano iliyokwisha kutumika. Majibu yangu ya kwanza safi. Nichangie?

Subiri mwaka mmoja tangu siku ile. Na kama hukuripoti kwa msimamizi wako, karipoti leo.

Nimepata chanjo ya homa ya ini B wiki iliyopita.

Subiri wiki tatu tangu siku ya chanjo. Chanjo yenyewe imetengenezwa kwa kipande cha ganda la kirusi, na kipimo kinaweza kukiona kikakuandika mgonjwa. Taja tarehe ya sindano. Dozi ni tatu, usiziache njiani.

Tone langu la damu lilielea kwenye maji ya buluu, nikarudishwa. Nimeshauriwa juisi ya rosela.

Maji yale ni ya mrututu (chumvi ya shaba), uzito wake umepangwa sawasawa: tone lenye damu ya kutosha, gramu 12.5 za hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) kwa desilita, huzama ndani ya sekunde 15. Lako liko chini. Rangi nyekundu ya rosela si madini ya chuma. Kula dagaa, maini, kunde na mboga za majani pamoja na ndimu au embe, na chai iache saa nzima mbali na chakula, maana huzuia chuma kisifyonzwe. Kabla ya hayo pimwa kamili na utafute sababu: hedhi nzito, minyoo, au kuchangia mfululizo. Chupa moja huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na akiba ya wanawake wengi ni ndogo.

Nikifunga naweza kuchangia?

Hukumu ya funga waulizeni masheikh. Kwa mwili, nendeni baada ya futari mkishakunywa maji ya kutosha. Afadhali zaidi ni wiki ya mwisho ya Shaabani, kwani Ramadhani wachangiaji hupungua na wazazi hawapungui.

Dada yangu atapasuliwa hospitali ya Mkoani, Pemba. Mumewe atoe ili damu yake imwingie mkewe?

La. Mwili wa mke unaweza kutengeneza kinga dhidi ya seli za mumewe, na mimba zinazofuata zikapata taabu. Damu ya ndugu wa tumbo moja nayo haitiwi vivi hivi. Inahitaji kupigwa mionzi kwanza, kwa sababu chembe nyeupe za ndugu zinaweza kuushambulia mwili wa mgonjwa. Changieni siku nyingi kabla, damu iingie benki, naye apate chupa iliyokwisha kupimwa na kulinganishwa na yake. Anayekwambia geti la hospitali kwamba anakuuzia chupa, mripoti. Damu haiuzwi.

Kiwiko kimevimba na kuwa cheusi.

Uliukunja mkono. Baada ya sindano kutoka, pamba hukandamizwa kwa vidole, mkono umenyooka, dakika tano. Ukikunjwa tundu hubaki wazi na damu huvuja chini ya ngozi. Weka barafu iliyofungwa kitambaa, siku ya kwanza tu. Weusi utageuka kijani, kisha njano, kwa wiki moja au mbili. Vidole vikifa ganzi au uvimbe ukiendelea kukua, rudi ulikochangia siku hiyohiyo.