Maswali ya Wachezaji: Kisigino Kinachouma Kila Asubuhi

SWALI: Mimi ni beki wa kulia katika klabu moja hapa Kisumu, na mpira ndio unaonilisha. Miezi 8 sasa kisigino cha kulia kinaniuma chini, upande wa ndani. Asubuhi nikishuka kitandani ni kama nakanyaga msumari, kisha kinapoa. Nikishapasha mwili nacheza vizuri, ila jioni nachechemea. Mara mbili nimepumzika wiki 3, nikarudi, nacho kikarudi. Nilidungwa sindano ya steroidi, nikapata nafuu wiki 5 tu. Sasa nashauriwa nidungwe tena kabla ya mechi ya Jumapili. Nikubali?
— Beki, Kondele

JIBU: Pole sana, ndugu. Usikubali kwa haraka hivyo.

Hizo hatua za kwanza za asubuhi zinaelekeza kwenye ukano wa wayo, ule utepe mnene unaotoka mfupa wa kisigino hadi vidoleni. Usiku hulegea na kufupika. Asubuhi uzito wa mwili huuvuta ghafla pale uliposhikana na mfupa. Baada ya miezi 8, nyuzi zenyewe zimechakaa. Ukipumzika tu, maumivu hushuka, lakini ukano na shavu la mguu huzidi kudhoofika, halafu unarudi kupanda na kushuka pembeni kwa kasi ileile. Ukano huu hupona kwa kubebeshwa mzigo polepole.

Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, kisigino kikining'inia. Kunja taulo uliweke chini ya vidole ili vipinde juu. Bila taulo ukano haukazwi sana, na kazi kubwa huangukia shavu la mguu. Panda kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Fanya mara 12, seti 3, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Baada ya wiki 2 vaa begi lenye chupa za maji, ufanye mara 10, seti 4. Wiki 2 nyingine zikipita, ongeza uzito, mara 8, seti 5. Uzito uwe ule ambao ukimaliza seti huwezi kuongeza hata mara moja. Wengi huharibu kwa kupandapanda harakaharaka, au kuacha wiki ya tatu kwa kutoona tofauti. Jipe miezi 3.

Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, weka mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea ugokoni, hesabu hadi 10, rudia mara 10. Champali ziwe kando ya kitanda. Sakafu ya saruji usiikanyage peku.

Si lazima uache mazoezi ya timu. Kila asubuhi yape maumivu alama, 0 hadi 10, uandike. Uwanjani 3 au 4 inavumilika, mradi asubuhi inayofuata isiwe mbaya kuliko iliyotangulia. Ikipanda siku mbili mfululizo, mwambie kocha apunguze kwanza mbio za kasi na kuruka. Pumzi uitunze kwa baiskeli.

Tazama pia njumu. Kiangazi cha Januari na Februari uwanja hukauka, meno marefu hayazami, na yale ya nyuma husukuma kisigino moja kwa moja. Vaa zenye meno mafupi mengi. Ukinunua mtumba Kibuye, ikunje njumu kwa mikono: ikijipinda katikati badala ya penye vidole, soli imekufa, iache.

Kuhusu sindano: hutuliza wiki chache, lakini zikirudiwa ukano unaweza kukatika na mafuta yanayokinga kisigino yakapungua. Isitoshe, tangu Januari 1, 2022, kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, zinakataza sindano zote za steroidi za aina hii wakati wa mashindano. Sindano ya sehemu inayouma huhitaji angalau siku 3 kabla ya mechi, na ya triamcinolone, mojawapo ya steroidi hizo, siku 10. Uliza jina kamili la dawa, na daktari wa timu ajue.

Ukibana mfupa wa kisigino pande zote mbili ukauma, au ukiuma usiku umelala, au wayo ukifa ganzi, nenda hospitali. Ganzi huenda ni neva imebanwa; maumivu hayo mengine, huenda mfupa una ufa, na eksirei ya wiki za kwanza inaweza isiuonyeshe.

SWALI: Mdogo wangu alivunjika mfupa wa ukingo wa nje wa mguu, akafungwa plasta wiki 6. Aliporudi kucheza ukavunjika palepale. Kwa nini?
— Dada, Kakamega

JIBU: Mfupa huo ni wa tano ukihesabu kutoka upande wa kidole gumba, na karibu na shina lake damu hufika kidogo, hivyo huunga polepole. Neymar alifanyiwa upasuaji wa mfupa huo wa mguu wa kulia Machi 2018, na Januari 2019 ukaumia tena. Kwa mchezaji wa kulipwa, madaktari wengi hupendelea kuutia skrubu. Maumivu huisha kabla mfupa haujaunga, kwa hiyo asivae njumu mpaka daktari aone kwenye picha kwamba umeunga.