Maswali yenu: bustani ya shubiri, dungusi na jamii yake

Nilipanda shubiri na Echeveria (mmea mdogo wa majani manene yaliyojipanga kama waridi) uani kwangu Ntinda. Mvua za Aprili zimeziozesha zote kuanzia shinani. Tatizo ni nini? *Msomaji, Kampala*

Tatizo ni udongo. Ule mwekundu wa vilima vya Kampala una mfinyanzi mwingi. Ukilowa huweza kukaa na maji siku kadhaa, mizizi ikakosa hewa na kuoza. Pima kwanza: chimba shimo la sm 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, kisha simamisha rula. Maji yasiposhuka angalau sm 3 kwa saa, usipande ardhini moja kwa moja. Inua tuta.

Tuta la mita 2 kwa 1.5, kimo sm 30, linataka lita 900, yaani ndoo 45 za lita 20. Tia ndoo 22 za mchanga wa chembe kubwa, 12 za kokoto ndogo au matofali yaliyopondwa, na 11 za udongo wa juu wenye mboji iliyoiva. Weka akiba ya ndoo tano, kwa sababu tuta litashuka likinyeshewa. Mchanga laini wa plasta uache kwa fundi: ukikutana na mfinyanzi hukaza kama sakafu. Matofali nayo yajaribu, kwani mengine hayaivi vizuri tanurini. Loweka kipande usiku kucha. Kikimumunyika, kitakurudishia tope lile lile unalolikimbia.

Ukishachanganya, lowesha kidogo, fumbata konzi moja, fungua kiganja. Likibaki donge, ongeza mchanga. Mwisho tandaza kokoto sm 3 juu ili majani ya chini yasilale kwenye unyevu. Panda mvua zinapokatika, Juni au mwishoni mwa Desemba, na usimwagilie wiki ya kwanza: mizizi iliyochubuka inahitaji kukauka vidonda kwanza.

Nimenunua miche mizuri kitaluni, nikaipanda juani siku hiyo hiyo. Majani yamepata mabaka ya kahawia. Ni ugonjwa? *Msomaji, Jinja*

Ni jua. Miche ile ilikulia chini ya neti ya kivuli. Mabaka hayatatoka, lakini majani mapya yatakuja safi. Mingine utakayonunua, izoeshe kwa wiki mbili: anza na saa mbili za jua la asubuhi, ongeza kidogo kidogo.

Na angalia ukuta wako. Kwetu hapa karibu na ikweta jua la mchana huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Tuta lililo kivulini Desemba, upande wa kaskazini wa ukuta, Juni litachomwa mchana kutwa.

Nipange vipi mimea isionekane kama imemwagwa tu? Nina watoto wadogo. *Mama wa watatu, Mbarara*

Mama, anza na mmea mmoja mrefu, uuweke pembeni kidogo, si katikati. Kisha panda ya kimo cha kati kwa mafungu ya mitatu au mitano ya aina moja; mmoja mmoja wa kila aina ndio unaoleta sura ya kumwagwa. Mawe yazike theluthi moja ardhini, la sivyo yataonekana yameletwa jana. Nafasi: Echeveria sm 20, shubiri kubwa sm 60. Agave americana, jamii ya mkonge, hutanuka mita 2 au zaidi na ncha zake ni sindano. Iwe mbali na njia, au iache kabisa.

Kwa ajili ya watoto, usipande mnyaa wala Euphorbia nyingine. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Ukimpata mtu, osha jicho kwa maji mengi safi kwa dakika 15 na mkimbilie hospitali. Sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama wima, inafaa zaidi kwa kimo, ila majani yake yasiliwe.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. *Msomaji, Arua*

Ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mimea. Chovya pamba kwenye spiriti, uvifute kimoja kimoja jioni, rudia kila wiki kwa mwezi mzima, maana mayai hubaki. Mmea ukiendelea kudhoofika, ung'oe utazame mizizi. Wapo wanaoishi huko chini. Wafukuze sisimizi pia, kwa kuwa ndio wanaowalinda.

Huku shubiri zimejaa porini. Naweza kuzing'oa nikapande nyumbani? *Msomaji, Moroto*

Ziache. Shubiri zote za porini, isipokuwa Aloe vera, zimo kwenye Kiambatisho cha II, na chache kwenye cha I, cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe, na mmea mkubwa uliong'olewa mara nyingi hufa. Omba chipukizi kwa jirani mwenye shubiri bustanini. Likate kwa kisu safi, lianike kivulini siku tano hadi kidonda kifunge, ndipo ulipande kwenye mchanga mkavu.