Maswali ya mhina: jiwe, harusi na piko

Uwanja wangu hapa Makunduchi ni mawe matupu. Mhina utakubali?

Utakubali. Mhina unapenda jua kali na haudekezi, ila hautaki maji yaliyotuama. Tafuta mwanya wenye udongo kati ya mawe. Mbegu zake ni ndogo mno na zinachelewa kuota, kwa hiyo kata kijiti kilichokomaa cha unene wa penseli, kama sentimita 20, ukifukie nusu masika yanapoanza. Mwagilia mpaka ushike. Ukishakua, upogoe mara kwa mara uchipue, kwani majani machanga ndiyo yenye rangi nyingi. Yaanike kivulini, uyatwange, uyachekeche.

Harusi ya binti yangu ni Ijumaa, na hina niliyojaribu imetoka rangi ya machungwa. Nimeuziwa unga mbovu? (Mama wa Wete)

Hujasema uliitazama saa ngapi, bibi. Hina ikibanduliwa tu huwa ya machungwa. Inakolea siku moja mpaka mbili baadaye. Basi bibi harusi apakwe Jumatano, si Alhamisi usiku watu wakishaanza kupiga vigelegele. Unga ukandwe kwa maji ya ndimu na uachwe saa kadhaa, maana asidi ndiyo inayoitoa rangi kwenye jani. Mikono isiwe na mafuta. Akae nayo usiku kucha, kisha aikwangue bila sabuni. Viganja na nyayo, kwa kuwa ngozi yake ni nene, vitakolea kuliko mgongo wa mkono. Ikiwa siku ya pili bado imepauka, hapo ndipo uulaumu unga: ukikaa wazi dukani huchuja.

Nilichorwa piko siku ya Idi. Siku ya tatu mkono ukavimba na kutoa malengelenge. Hina imenidhuru?

Si hina, mwanangu. Hina haitoi weusi wa makaa. Weusi ule ni wa piko, dawa ya kutilia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2, na si kwa kuchorea ngozi. Huku kwetu inachanganywa kwa kukisia tu. Usitumbue malengelenge, nenda hospitali leo. Mwili ukishaikataa kemikali hiyo huwa umeikataa maisha, kwa hiyo hata nywele usizitie rangi nyeusi ya dukani kabla ya kumuuliza daktari. Wanaowachora watoto wa skuli piko, sina neno zuri la kuwaambia.

Na mtoto mchanga, apakwe hina halisi?

Asipakwe. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu, nao si wachache kwetu kwenye malaria. Hina inaweza kuzivunja chembe zao za damu.

Mhina wangu umeota miiba. Ni mwingine?

Ni uleule, umezeeka. Ukiwa mpakani mwa shamba, uache. Mbuzi watafikiri mara mbili.