Bled kwa siku moja mkiwa na bibi: anzeni na kisiwa

Dada, umeuliza kama siku moja inatosha kuizunguka Bled, mji ulio kando ya ziwa kule Slovenia, mkiwa na watoto wawili na bibi yao. Inatosha, ila msianze na ngome. Fikeni asubuhi kabla watu hawajajaa, mpande pletna, ule mtumbwi wa mbao wenye turubai, mpiga makasia akiwa amesimama nyuma. Mkishuka kisiwani mtakuta ngazi 99 hadi kanisani. Watoto watazipanda mbio wakavute kamba ya kengele na kuomba wanachotaka. Bibi msimlazimishe, abaki chini kando ya maji, patampendeza. Mwenye mtumbwi huwasubiri kama dakika 40, basi msizubae.

Ngome iko juu ya jabali, zaidi ya mita 100 kutoka ziwani. Nendeni kwa gari, maana ule mlima kwa miguu utamchosha bibi mno.

Njia ya kulizunguka ziwa ni kilomita 6 hivi; tembeeni kipande tu. Jioni mle kremšnita, keki yao ya krimu. Mwanangu aliomba ya pili, nikampa kwa moyo mmoja.

Korongo la Vintgar liacheni safari hii. Ni zuri sana, lakini halimfai mzee.